Kung'arisha Gari Si Kulichuna Ngozi

Kabla ya karatasi ya msasa kuletwa madukani, msasa ulikuwa mti. Ni mti wa jamaa ya mikuyu, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala walikuwa wakiyachuma na kuyatumia kulainishia mbao kabla ya kuzipaka mafuta. Mti ukaipa karatasi jina lake, na hata leo mtu akiinoa lugha yake au kazi yake twasema ameipiga msasa. Seremala aliyesugua kwa jani alilijua jambo moja ambalo wengi wetu tumelisahau tangu stima ilipoingia kazini, nalo ni kuwa kitu kinachosuguliwa kikang'aa hakikuongezwa chochote. Kimepunguzwa. Vilima vyake vidogo vidogo vimeondolewa, na kilichoondolewa hakirudi.

Jambo hilo hilo ndilo linalotupeleka leo hadi Gatongora. Msomaji aliye Lamu, Malindi au Mombasa huenda akauliza Gatongora ni wapi, na ina nini hata iandikwe katika ukurasa huu. Ni wadi ya Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, pande zile ambako barabara ya Eastern Bypass itokayo Mombasa Road inakuja kukutana na barabara kuu ya Thika. Zamani nchi ile ilikuwa ya kahawa, na Ruiru ndiko kwenye kituo cha utafiti kilichotoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985. Mashamba mengi yamegeuka ploti, ploti zimegeuka nyumba za ghorofa, ghorofa zimeleta watu, na watu wamekuja na motokaa zao. Wamo humo na vijana wetu wa pwani waliokwenda kusoma au kutafuta kazi. Tena magari yenyewe ni yetu kwa namna fulani, maana mengi yalishuka melini Kilindini yakitoka Japani, yakiwa hayajatimiza miaka 8 tangu kusajiliwa, kama sheria ya Kenya inavyotaka. Gari linalooshwa Gatongora na lile linaloegeshwa Kibokoni yamkini yalisafiri meli moja.

Sasa, Ruiru ina udongo mwekundu. Ukiushika ukiwa mkavu ni laini kama unga wa ngano, lakini ndani yake mna chembe ngumu, na katika miezi ya Januari hadi Machi vumbi lake halimsazi mtu wala chombo. Masika ikiingia, vumbi hugeuka tope. Kwa hiyo gari la huko huoshwa mara nyingi, pengine mara 2 au 3 kwa wiki, na aghalabu huoshwa kando ya barabara na kijana mwenye pampu, ndoo moja ya sabuni na kitambaa kimoja. Kitambaa kilichopita kwenye magurudumu ndicho kinachopanda kwenye milango. Mchanga uliobaki ndani ya kitambaa huandika mistari katika rangi, mistari myembamba isiyoonekana kivulini. Mwenye gari haioni mpaka siku moja jua limpige boneti, ndipo anapoona duara juu ya duara kama utando wa buibui.

Buibui huyo ni mdudu, si buibui la mama zetu, ingawa mwenye kuvaa vazi hilo jeusi na mwenye gari jeusi wote wawili watakwambia habari moja kuhusu weusi na vumbi. Na duara zile, kwa kweli, hazipo. Mikwaruzo imekwenda kila upande, bila mpango. Ila jicho huona ile tu iliyokaa kukingama na mwanga, na kwa kuwa mwanga umetua mahali pamoja, ile inayoonekana hujipanga kulizunguka jua. Ukisogea, duara nazo zasogea nawe.

Hapo ndipo mtu anapoanza kuulizia mashine ya kung'arishia. Wako wanaoitaka kwa gari lao wenyewe, wapate kulisugua Jumamosi moja kabla ya harusi au siku ya kuamkia Idi. Wako na vijana wanaotaka kufungua kazi, maana kijana mwenye mashine hii haoshi gari tu, anaweza kudai ujira wa fundi. Wote wawili huingia dukani wakauliza swali moja: ipi yenye nguvu? Makala haya yanasema kuwa swali hilo si lake. Swali la kwanza ni rangi ya gari ina unene gani, na la pili ni mkono utakaoishika mashine umezoea kiasi gani.

NYEMBAMBA KULIKO KARATASI

Rangi ya gari la siku hizi, kuanzia bati hadi nje, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150. Maikroni ni sehemu moja katika 1,000 ya milimita; karatasi ya kawaida ya kuandikia barua ina kama maikroni 100. Ndani ya unene huo mna matabaka kadhaa: la kuzuia kutu, la kusawazisha, la rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Hilo la juu, ambalo ndilo linalong'aa na ndilo linalokwaruzika, aghalabu lina maikroni 35 hadi 50 tu. Yaani chukua karatasi ya barua, uipasue unene wake mara mbili, na nusu moja ndiyo uliyo nayo ya kusugulia kwa maisha yote ya gari.

Wazee waliokuwa na motokaa katika miaka ya 1970 hawakuijua taabu hii. Wakati ule magari mengi ya Kenya yaliunganishwa hapa hapa nchini, mengine kule Thika katika kiwanda cha Leyland, kilichokuja kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na rangi ya magari mengi ya zama hizo ilikuwa moja tangu juu hadi chini. Mwenye Peugeot 504 nyekundu akiisugua, kitambaa kiligeuka chekundu, akajua kwa macho yake kuwa anaila rangi, na mkono ukaogopa wenyewe. Katika miaka ya 1980 viwanda vingi vya dunia vilihamia kwenye rangi iliyofunikwa kwa tabaka angavu. Tangu hapo msuguaji haoni anachokiondoa. Sifongo yabaki nyeupe, naye adhani hajapunguza kitu.

Na tabaka hilo halikuwekwa kwa uzuri tu. Ndani yake mna dawa inayokinga miale mikali ya jua isiifikie rangi ya chini. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, karibu na Ikweta, na jua la mahali palipoinuka huchoma hata hewa ikiwa baridi. Pwani nako, jua halina haja ya kusimuliwa, na chumvi ya bahari ipo juu yake. Klia ikishapunguzwa mno, haitaonyesha siku ile. Gari litatoka linametameta kama kioo. Baada ya mwaka au miwili ndipo boneti na paa huanza kupauka, kisha kuchubuka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, na hapo hakuna polishi wala mashine iwezayo kusaidia. Dawa ni kupaka rangi upya, na gharama ya kupaka boneti na paa yaweza kuipita bei ya ile mashine yenyewe.

Mikwaruzo tunayoisema hapa, ile ya utando wa buibui, kina chake ni kidogo mno, maikroni chache tu. Kuiondoa ni kushusha uso wa klia hadi usawa wa chini ya mkwaruzo. Ule mkwaruzo ambao kucha ikipitishwa juu yake inakwama umekwenda mbali zaidi; huo usiufuate kwa mashine. Ukiufuata, utafika ulikofika, lakini hutarudi. Fundi mwangalifu huupunguza makali tu, akauacha.

JIWE LA KUSAGIA NA PIA YA MTOTO

Mashine zenyewe ni nyingi madukani, na majina yake mengi zaidi, lakini kwa asili ni za namna mbili.

Ya kwanza huzunguka tu, kama jiwe la kusagia linavyozunguka juu ya mhimili wake. Imetokana na mashine ya kukatia na kusugulia chuma, na kwa miaka mingi ndiyo pekee iliyokuwa ikijulikana na mafundi wa bodi. Kasi yake huanzia mizunguko kama 600 kwa dakika hadi 3,000. Tuipigie hesabu. Sahani yenye upana wa milimita 150, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 700 kila dakika, sawa na gari linalokwenda kilomita 42 kwa saa, ilhali katikati yake haiendi popote. Kasi hiyo yote yaishia kwenye ukingo, nayo huzaa joto. Ukiisimamisha mahali pamoja kwa muda wa kumeza mate mara chache, rangi inapata moto, inalainika, na klia inaungua. Kwenye kona za milango na mikunjo ya bati, ambako rangi huwa nyembamba zaidi, inaungua upesi zaidi. Kwenye bampa za plastiki, ambazo hazina bati la kuondoa joto, ndiyo usiseme.

Lakini si haki kuitukana mashine hii. Mikononi mwa fundi aliyeizoea hukata upesi kuliko nyingine zote, huondoa alama za msasa baada ya gari kupakwa rangi, na kazi ya saa 3 ikawa saa 1. Ndiyo maana gereji kubwa haziiachi. Ubaya wake ni kuwa mafunzo yake hulipwa kwa boneti za watu. Na hata fundi mzuri akiimaliza kwa haraka, huacha mawimbi ya mwanga juu ya rangi nyeusi, yanayoonekana jua likiwa upande, kama mafuta yanayoelea juu ya maji ya bandarini.

Kabla hatujaiacha, yafaa kusema neno juu ya desturi moja ya jua kali ambayo ni hatari tupu. Mtu anayo mashine yake ya kukatia vyuma, anaivua jiwe, anaivisha sifongo, akaanza kung'arisha. Mashine ndogo ya namna hiyo, yenye jiwe la milimita 115, huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hiyo haing'arishi. Sifongo yenyewe hupasuka ikatupwa huku na huku, na mwenye kuishika ana macho mawili tu.

Namna ya pili mwendo wake ni wa pia. Msomaji aliyecheza pia utotoni anakumbuka: inazunguka juu ya ncha yake, na wakati huo huo ncha yenyewe inatembea, inachora vijiduara chini. Mashine hii hufanya vivyo hivyo. Sahani yake imefungwa kando kidogo ya mhimili wa mota, kwa hiyo hutembea katika kijiduara kidogo maelfu ya mara kwa dakika, huku ikijizungukia yenyewe polepole, na hakuna chembe ya sifongo inayopita njia moja mara mbili mfululizo. Joto halikusanyiki mahali pamoja. Na faida yake kubwa ni hii: ukiikandamiza mno, au ukiiinamisha, kule kuzunguka kunasimama, unabaki mtikisiko tu. Kosa la mwanafunzi huizima kazi kabla ya kuichoma rangi. Ile ya kwanza, ukiikandamiza, ndiyo kwanza inazidi kuchoma.

Kwa hiyo kauli yangu siifichi. Mtu wa kawaida mwenye gari moja au mawili, na kijana anayeanza kazi hii leo, anunue mashine ya mwendo wa pia. Mikwaruzo ya kuoshea haidai nguvu zaidi ya hiyo. Atachoka zaidi na atachukua saa nyingi zaidi, hilo ni kweli, pengine siku nzima kwa gari moja, lakini jioni gari litakuwa na klia yake.

Ndani ya namna hiyo ya pili mna kuchagua tena. Upana wa kile kijiduara hutofautiana, na ndio unaoandikwa kwenye boksi kwa milimita: 8, 15, hata 21. Ile ya 15 au 21 hufanya upesi kwenye boneti, paa na milango iliyo bapa, lakini katika mabega ya gari lenye mikunjo mingi sahani husimama ovyo, na mtu asiyejua atasema mashine ni mbovu. Ile ya 8 ni ya taratibu, haikimbii, na hukubali kuingia mahali pengi. Magari madogo ya Kijapani yaliyojaa Ruiru yana mabati mafupi na mikunjo mingi, kwa hiyo sahani ya milimita 125 yafaa kuliko ya 150, na ukipata na ile ndogo ya 75 kwa pembeni mwa taa na nguzo za milango, umekamilika.

Ipo namna ya tatu, iliyo kati ya hizo mbili: hutembea kama pia lakini kuzunguka kwake kumefungwa kwa gia, hakuzimiki hata ukiikandamiza. Ni chombo kizuri kwa mwenye kazi ya kila siku. Hutikisa mkono sana na huhitaji uangalifu karibu sawa na ile ya kwanza. Ipo pia ile ya bei rahisi, pana kama sinia, yenye mikono miwili na kofia ya kitambaa, ambayo wengi huinunua kwa kudhani wamepata bahati. Hiyo ni ya kupakia nta tu. Mkwaruzo haiuondoi hata ukisukuma mpaka adhuhuri.

DUKANI

Mtu akishajua namna anayoitaka, jambo la kwanza la kutazama si jina, ni kibati kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa mashine, kinachotaja volti. Stima ya Kenya ni volti 240. Vifaa vingi huja kama mtumba pamoja na magari, na vya Japani vimetengenezwa kwa volti 100. Ukivichomeka ukutani Gatongora au Mombasa, mota hulia kidogo, hutoa moshi, na habari imekwisha. Vile vya mijengo ya Uingereza, ambavyo plagi zake huwa za manjano, ni vya volti 110. Vya Marekani ni 120. Vyaweza kutumika kwa transfoma ya kupunguza stima, lakini transfoma yenyewe ni pesa na ni mzigo. Jamaa akikuletea mashine kutoka Dubai, hiyo haina taabu, maana volti ni zile zile na plagi ya meno matatu ni ile ile.

Pili ni kidude cha kupunguzia na kuongezea kasi. Mashine isiyo nacho iachwe dukani. Iliyo bora zaidi huanza taratibu, hairukii kasi yote mara moja ikamwaga polishi kwenye vioo na kwenye kanzu yako, na hushika kasi ile ile hata ikikandamizwa kidogo. Tatu ni uzito. Kilo 2 na nusu si kitu ukiinyanyua mbele ya muuzaji. Inyanyue, uinyooshe mkono mbele yako kama unasugua mlango, uhesabu hadi 60, ndipo ujue. Nne ni waya. Waya mfupi huburuta kiungo chake juu ya rangi uliyokwisha kuisugua, na wengi wamejikwaruzia gari kwa waya wakiondoa mikwaruzo. Mita 4 au zaidi ndizo zinazofaa, nao uupitishe begani.

Kisha uliza vipuri. Sahani ya kubandikia sifongo itachakaa, na makaa ya mota yataisha. Sahani za ile namna ya kwanza hufungwa kwa hesi za milimita 14 katika mashine nyingi ziuzwazo kwetu, lakini za Marekani zina kipimo chao cha inchi, na mbili hizi hazioani. Mashine yenye jina kubwa isiyo na sahani ya badala katika Ruiru, wala katika maduka ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, itakuwa pambo la rafuni. Majina makubwa yako: Rupes ya Italia, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1947, Flex ya Ujerumani, ya tangu 1922, Makita ya Japani na Bosch. Hasa kwa kuwa ni makubwa, ndiyo yanayoghushiwa. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, lakini sheria haisimami nawe kaunta. Tazama maandishi ya boksi kama hayana makosa ya herufi, pima uzito wake na ule ulioandikwa kitabuni, na udai risiti. Mashine ya jina dogo yenye dhamana ya mwaka mmoja mahali unapopafahamu ni afadhali kuliko jina kubwa lililouzwa juu ya turubai.

Wanaofanya kazi ya kutembea, leo kwenye ua wa huyu na kesho wa yule, huulizia zile za betri. Zimekuwa nzuri, nazo huondoa adha ya waya, ila betri moja haimalizi gari. Yataka 2 au 3 na chaja yake. Mwenye jenereta ndogo naye atazame wati. Mashine ya wati 900 haitaridhika na jenereta ya wati 700.

Na mashine ni nusu ya ununuzi. Nusu ya pili ni sifongo na polishi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa rangi za sifongo hazina mapatano: ya chungwa ya kampuni moja ni kali, ya kampuni nyingine ni laini. Usome ilivyoandikwa, usinunue kwa rangi. Manyoya ya kondoo hukata sana na yafaa kwa kazi nzito. Kwa mikwaruzo ya kuoshea, sifongo ya wastani na polishi laini hutosha. Desturi ya mafundi wazuri ni kuanza na kilicho laini kabisa, wakajaribu mahali padogo kama upana wa kitabu kilichofunuliwa, wakatazama kwa taa. Kikitosha, hawaendi kwenye kikali. Wengi wetu huanza upande wa pili.

Kazi yenyewe sitaieleza yote. Gari lioshwe vizuri kwanza, liwe kivulini, bati liwe baridi. Mipira na plastiki nyeusi zizibwe kwa karatasi ya gundi. Sifongo ikae bapa juu ya bati, na mkono uende polepole, pole kuliko unavyodhani. Na nguo ziwe za kubana: kanzu, kikoi na ncha ya mtandio havikai pamoja na kitu kinachozunguka.

MNG'ARO WA KUUZIA

Kuna gari la kutazamwa zaidi ya mengine, nalo ni lile lililopigwa rangi upya hapa nchini, pengine baada ya ajali. Mlango mmoja una klia nene, mwingine hauna klia kabisa, na chini ya bega mna pati. Kipo kipimo kidogo cha kushika mkononi kinachosoma unene wa rangi juu ya bati. Kijana anayeifanya kazi hii kwa ujira akikikosa, anafanya kazi gizani. Asiyekuwa nacho asugue kwa mkono mahali pa siri, ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hapo hapana klia, na mashine iende kwa adabu.

Hili lanifikisha kwenye jambo ambalo wauza magari hawatapenda liandikwe. Ziko polishi zenye mafuta na ujiuji unaojaza mikwaruzo bila kuiondoa. Dakika 20 kwa mashine yoyote, hata ile pana kama sinia, na gari la miaka 12 linang'aa kama limetoka kiwandani. Mnunuzi hulipia mng'aro huo. Likioshwa mara ya tatu kwa sabuni, utando wa buibui umerudi wote. Wasomaji waliosoma fikihi watakumbuka mlango wa mnyama aliyeachwa bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele kijae mbele ya mnunuzi. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi hiari ya siku 3, akitaka amrudishe mnyama pamoja na pishi ya tende. Gari halina maziwa, lakini sioni tofauti kubwa kati ya kiwele kile na boneti hii. Mnunuzi na aombe gari lipanguswe mahali pamoja kwa kitambaa chenye spiriti. Ujiuji hutoka, na mkwaruzo ukiwapo huonekana hapo hapo. Muuzaji asiyekuwa na neno hatakataa.

Sasa, hata aliyenunua mashine nzuri na akaitumia vyema hajamalizana na Gatongora. Vumbi lile lipo, na kijana wa ndoo moja yupo. Gari lililosuguliwa Jumamosi, likifutwa vumbi kwa kitambaa kikavu Jumatatu asubuhi, limeshaanza kuchorwa upya, na kila likisuguliwa tena klia inapungua. Kwa hiyo kabla ya mashine, ninunulieni ndoo ya pili. Moja ya sabuni, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka garini. Kitambaa cha magurudumu kiwe mbali. Na maji yatangulie kuliondoa vumbi kabla ya mkono kugusa rangi. Huku pwani ongezeni kuisuuza chumvi kwa maji baridi. Ndoo 2 na vitambaa 4 laini havifikii bei ya mashine, na gari linaloshwa hivyo laweza kukaa miaka kabla ya kudai kusuguliwa. Maikroni 2 kila baada ya miaka kadhaa, klia ya maikroni 40 itazimudu. Maikroni 2 kila kuamkia Idi, mara mbili kwa mwaka, hesabu yake mwenye gari aifanye mwenyewe.